Jibu la Kileleni

"Kaka, tangulia tu. Mimi nakuja."

"Nikitangulia utageuka urudi chini. Na usiniite kaka, nakuomba. Mtu anataka kukuoa, wewe unamwita kaka. Mbona unaniua mchana kweupe?"

Msusi alicheka, kicheko cha kuazima. Akainua mguu, akakanyaga mbele, ukateleza ukarudi pale pale ulipotoka. Kilima kile ndivyo kilivyo. Hakina udongo wa kushika mguu. Ni rundo la vijiwe vyeusi, vyepesi, vilivyotemwa na volkano zamani za kale, na kila ukipanda vinakushusha. Juu kabisa kuna shimo kubwa la mviringo, na ukingoni mwa shimo hilo watu husimama kutazama chini: mashamba, barabara, mabati ya mji, na ziwa kwa mbali hewa ikiwa safi. Wapenzi wanapapenda sana. Msusi naye alipapenda, kabla hajapachukia.

"Tukifika juu utanipa jibu?" Mfamasia aliuliza.

"Si nimekwambia tukifika juu?"

"Umesema hivyo tangu tulipoanza. Nataka nisikie tena nipate nguvu za miguu."

Mfamasia alikuwa mtu mzuri, tuliseme hilo mapema asije akaonewa. Ana duka lake la dawa, ana adabu, hana makuu. Mke wake alifariki, akamwachia nyumba yenye ukimya mwingi. Shangazi yake Msusi ndiye aliyewakutanisha, na Shangazi alikuwa ameshasema yake: "Mwanangu, mwanamume wa namna hii ukimwacha usije kulia kwangu. Jumapili hii mpe jibu. Na liwe jibu la mtu mwenye akili."

Mahali pa kutolea jibu alichagua Mfamasia. Hakujua kitu, masikini. Alidhani anampeleka mwenzake kwenye upepo na mandhari nzuri, kumbe anampeleka pale pale alipouacha moyo wake.

Hili halieleweki bila Peda.

Peda si jina lake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeitwa saluni kutengeneza mlango wa grili uliokuwa unakwama. Akamkuta Msusi amebana chanuo mdomoni, mikono yote miwili imezama kwenye kichwa cha mteja. Kazi ya asubuhi moja ikageuka kazi ya wiki.

"Fundi, huo mlango una ugonjwa gani usiopona?" Mama Saluni aliuliza.

"Bawaba, mama. Bawaba zinataka uangalizi."

"Bawaba ziko mlangoni. Mbona macho yako yako kwenye draya?"

Wateja wakacheka mpaka rasta zikavurugika. Namba zikabadilishwa. Tatizo likawa simu ya fundi. Ilikuwa imemponyoka kazini, kioo kikapasuka, na ufa ukapita juu ya herufi N. Tena ilikuwa na homa: ukiongea nayo kidogo tu inachemka kama pasi. Ujumbe wake wa kwanza wa mapenzi ulifika hivi:

"Akupeda saa."

Msusi akajibu: "Akupeda ndiyo nini? Na ni saa ngapi?"

Simu ikaita papo hapo.

"Nimeandika nakupenda sana!" fundi alilalamika. "Herufi imegoma!"

"Usijitetee. Kuanzia leo wewe ni Peda."

"Sawa. Na wewe basi ni Mama Herufi. Utakuwa unaniongezea."

Na kweli akawa anamwongezea. "Iko jiai" ikifika, anasoma niko njiani, na uso wote unachanua mbele ya wateja. Mpaka siku moja ukaja ujumbe: "Fundi simu kaishughulikia. Imepoa." Msusi akafurahi. Si ilikuwa inachemka? Basi imepoa. Ujumbe uliofuata ukaja na N zake zote, na uliofuata huo pia. Msusi akaacha kuongeza herufi.

Halafu mama yake Peda akaugua, Peda akaitwa nyumbani kwao. Huko akapiga simu.

"Mama hali si nzuri. Na ameshanitafutia binti wa rafiki yake. Anataka anione nimeoa kabla hajafumba macho."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nina mtu wangu. Jumapili narudi. Tangulia kilimani, nakukuta juu. Tukishuka tunakwenda moja kwa moja kwa shangazi yako."

"Peda, usinidanganye."

"Nikikudanganya nitupe kwenye lile shimo."

Jumapili Msusi alipanda peke yake, amevaa viatu vipya vyekundu ambavyo mtu mwenye akili zake havai kwenye kilima kile. Akasimama ukingoni, akapiga picha ya shimo na nchi yote iliyolala nyuma yake, akaituma na maneno haya: "Niko juu. Ukiona hii nijibu."

Akangoja. Watu wakaja wakapiga picha zao wakashuka. Jua likaanza kuegemea upande wa pili. Simu ikalia mkononi.

"Nimeoa. Leo siwezi kuja. Nisamehe, nitakueleza."

Aliusoma. Akausoma tena. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Basi akatoa laini kwenye simu yake, akaitupa shimoni, akashuka akiteleza na kulia mpaka chini. Wiki ile ile aliacha kazi saluni, akahamia kwa Shangazi upande mwingine wa mji. Mama Saluni aliachiwa neno moja tu:

"Akija kuniulizia, mwambie nimeolewa. Tuwe sawa."

Usidhani alisahau. Alifungua saluni yake ndogo, akasuka vichwa vya watu, akacheka na wateja, lakini kila alipopita karibu na karakana akasikia chuma kinachomelewa, miguu ilipunguza mwendo bila kumwomba ruhusa. Kuna jioni alijikuta ameandika kwenye simu mpya, "Umekula?" kisha akaufuta, maana hakuwa na wa kumtumia. Alimtamani mtu aliyemwita muongo. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, maana huwezi hata kumwambia mtu akakupa pole.

Sasa turudi kilimani.

Walipokaribia juu, Msusi alisikia jenereta likinguruma. Vyuma vya ukingo vilikuwa vinatengenezwa, cheche zinaruka, na mafundi wamefunga kamba sehemu moja watu wasipite.

"Haya, tumefika," Mfamasia alisema, pumzi juu juu, akijifuta jasho. Akasogea kwenye ukingo, akanyoosha mkono ajishikilie. "Mwenzangu, nilikuwa nataka..."

"Usishike hapo! Bado cha moto!"

Sauti ile. Msusi aliijua. Fundi aliyekuwa amechuchumaa alisimama, akainua barakoa yake ya kuchomelea, akabaki ameishika hewani.

"Mama Herufi," alisema taratibu.

"Usiniite hivyo."

"Mnafahamiana?" Mfamasia aliuliza.

"Alitengeneza mlango wa saluni niliyokuwa nafanyia kazi," Msusi alijibu. "Fundi, mkeo hajambo?"

"Mke gani?"

"Kumbe wako wengi mpaka uulize yupi."

Peda alimtazama, akamtazama Mfamasia.

"Naona umekuja kunicheka mbele ya mumeo. Shikamoo, shemeji."

Mfamasia hakukataa, hakukubali. Neno lile lilimpendeza, akaliacha likae.

"Marahaba," alisema.

"Nilimpoteza mama siku ile," Peda alimwambia Msusi. "Nikakuandikia. Na baada ya hapo kila nikipiga, simu haipatikani. Nimezika mama yangu, natazama mlangoni nikidhani utatokea."

"Kuhusu mama, pole. Pole sana, sikujua. Lakini ulichoniandikia nakijua, na nimekisoma hapa hapa niliposimama. Mengine baki nayo."

"Basi sawa. Tazameni upande ule. Huku hakujakamilika."

Akashusha barakoa. Cheche zikaanza tena. Msusi akageuka, akashuka, mandhari hata hakuiona.

Kushuka kilima kile si kutembea, ni kuporomoka. Vijiwe vinakubeba, unaporomoka navyo mpaka chini, viatu vimejaa. Mfamasia alimkuta amekaa kwenye jiwe kubwa mwanzoni mwa njia, machozi yanamtoka bila sauti. Akakaa kando yake, akavua kiatu akaanza kukikung'uta.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye."

"Shangazi aliniambia kulikuwa na mtu, akaoa kwingine. Sikujua ni fundi." Akakung'uta tena. "Alikuandikia nini, kama si vibaya?"

"Ya nini sasa?"

"Nimepanda kilima kizima kwa ajili ya jibu, nikashuka bila jibu. Nipe hata hilo."

Msusi akafuta macho kwa kiganja.

"Nilimtumia picha nikiwa juu. Nikamwambia ukiona hii nijibu. Akanijibu: Nimeoa, leo siwezi kuja, nisamehe, nitakueleza. Basi. Mtu ameoa, halafu anasema leo hawezi kuja. Leo! Kana kwamba kesho angeweza."

Mfamasia aliacha kukung'uta.

"Ndivyo alivyoandika? Leo siwezi kuja?"

"Neno kwa neno. Ujumbe wake nausoma mpaka kwenye ndoto. Na ndiye mtu niliyekuwa namwongezea herufi, unajua? Simu yake ilikuwa haiandiki N. Nakupenda inakuja akupeda. Ndiyo maana namwita Peda." Alicheka huku analia. "Bora ingebaki mbovu ile simu. Ilipopona ndipo ikaniletea habari hiyo."

"Ilitengenezwa?"

"Ilitengenezwa. Aliniandikia mwenyewe: imepoa."

"Imepoa?"

"Ilikuwa inachemka sana."

Mfamasia aliinama. Akarudia kukung'uta kiatu, polepole, akakitazama ndani, akakikung'uta tena. Ndege mmoja alipita juu yao. Kule kileleni jenereta liliendelea kunguruma.

"Imepoa," alisema hatimaye, "au imepona?"

"Si nimekwambia, imep..."

Msusi alikwama hapo.

"Ulimwambia ukiona hii nijibu," Mfamasia aliendelea, sasa hamtazami, anatazama kiatu. "Mtu akiambiwa ukiona nijibu, anajibu nini?"

Msusi aliinua mikono yote miwili, akashika kichwa.

"Kazi yangu ni kusoma mwandiko wa madaktari," Mfamasia alisema. "Kila siku nakutana na neno lililokosa herufi na bado linaleta maana. Hilo ndilo la hatari. Lisiloleta maana utauliza. Linaloleta maana unalimeza."

"Mungu wangu. Nimeona. Aliandika nimeona."

"Na kule juu aliponiita shemeji, nilijua amekosea, nikaitikia. Hapa nako nimekaa nakung'uta kiatu kisicho na kitu, najiuliza kama ninyamaze. Ningenyamaza ungenipa jibu zuri leo. Nililiona usoni mwako tulipokuwa tunapanda, ulikuwa umeshachoka kukataa." Akavaa kiatu, akafunga kamba. "Lakini ningekaa na wewe nyumbani kila siku nikijua herufi iliko. Siwezi. Nimeshaishi na ukimya, sitaki kuishi na huo."

"Kaka..."

Alisita, akakumbuka.

"Niite tu," Mfamasia alisema, akatabasamu kwa shida. "Sasa linafaa."

Wakati huo huo jenereta likazimika. Kilima kizima kikawa kimya.

"Wamemaliza," Mfamasia alisema. "Mafundi wanashukia upande wa pili, gari lao nililiona huko. Panda!"

Msusi alipanda. Vijiwe vikamshusha, akapanda. Akashika kwa mikono, kucha zikajaa vumbi jeusi, nywele zilizotengenezwa kwa ajili ya siku ile zikafumuka, msusi mzima. Alipanda huku anaita, "Peda! Peda!" na upepo unamrudishia jina mdomoni. Alikuwa amemngoja mtu huyu miaka yote hiyo akijiambia hamngoji, na sasa hakuweza kungoja hata mguu wake ushike.

Alipofika juu, wenzake Peda walikuwa wameshateremka na jenereta. Yeye alibaki nyuma anakunja nyaya, barakoa iko miguuni pake.

"Umesahau nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Herufi."

Peda akageuka.

"Siku ile nilikutumia picha," Msusi alisema, pumzi zinampanda na kushuka. "Ulinijibu nini? Sema neno kwa neno."

"Nilijibu nimeona. Nimeona, leo siwezi kuja, nisamehe. Mama alikuwa anakata roho, mkono wangu mmoja ameushika. Nimeandika kwa kidole kimoja cha mkono uliobaki. Kosa langu ni lipi hapo?"

"Ilifika bila N."

"N ipi? Ya mwanzo?"

"Ya kati. Kumbe ilikuwa bado inaruka mara moja moja."

Peda alisogeza midomo, akilisoma neno moyoni. Nimeo... Waya ukamponyoka. Akakaa chini kwenye vijiwe.

"Ukadhani..."

"Sikudhani. Nilisoma. Ulikuwa umeniambia kuna binti wa rafiki ya mama yako, mimi ningesoma nini?"

"Na mimi nikarudi, nikaenda saluni, Mama Saluni akaniambia umeolewa. Nilimuuliza mara ngapi! Akasema, fundi, mlango umeshapona, nenda."

"Nilimwambia aseme hivyo. Nilitaka tuwe sawa."

"Na yule wa chini?"

"Yule ni kaka yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Peda alicheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akajifunika uso kwa mikono yenye masizi. Msusi akakaa kando yake. Walikaa hivyo, bega kwa bega, wakiogopa hata kugusana vizuri.

"Nimekukumbuka," Msusi alisema. "Nimekukumbuka mpaka zile herufi ambazo hazikuwepo. Watu wananitumia ujumbe uliokamilika, sioni raha yake."

"Unajua kwa nini nimechukua kazi hii? Mafundi wote waliikataa. Nani abebe jenereta mpaka huku? Mimi nikasema nipeni. Simu ile ilikufa siku tuliyomzika mama, picha ikaenda nayo. Lakini naikumbuka. Pembeni kulikuwa na ncha ya kiatu chako, chekundu. Nilitaka nijue ulisimama wapi. Tangu tuanze kazi, kila nikimaliza nasimama mahali, natazama shimo, nasema hapana, si hapa, nasogea."

Msusi aliinuka, akamshika mkono, akamwinua. Akampeleka ukingoni, akapita vile vyuma vipya, akahesabu kwa macho, akasimama.

"Hapa."

Peda akasimama pale. Chini yao shimo, nyuma ya shimo mashamba, barabara, mabati ya mji yakimeta, na ziwa kwa mbali. Alilishika tu lile bega, safari hii vizuri, na Msusi akaitazama nchi yote kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Laini yangu imo humo shimoni," alisema baadaye.

"Niingie niitafute?"

"Baki hapa hapa. Ila nitajie yule aliyekutengenezea simu."

"Huyo niachie mimi."

Shangazi alinuna siku mbili tatu, akauliza na mfamasia wa watu itakuwaje. Mfamasia mwenyewe akaja kumtuliza. Harusi ilipofika, alikaa meza ya mbele upande wa bibi harusi, mahali pa kaka, na alipoulizwa na wageni yeye ni nani, alijibu bila kusita: "Kaka yake." Mama Saluni naye alikuwepo, akila kimya kuliko kawaida yake.

Katikati ya shangwe, muziki umepamba moto na watu wamesimama kucheza, Msusi alihisi simu inatetemeka kwenye kipochi chake. Bwana harusi amekaa kando yake kabisa, anatazama mbele kama hayumo, mkono mmoja uko chini ya meza.

Akafungua ujumbe.

"Nimeoa."

Alilisoma neno lile herufi moja moja, taratibu, kama mtu anayepita tena njia iliyowahi kumwangusha. Halikupungua kitu. Akainamisha kichwa, shela likamfunika, akajibu:

"Nimeona."